Gari Linakula Tairi Baada ya Kufunga Miguu ya Mbele: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Umefunga shokapu mpya, umebadilisha amu za chini (mikono inayoshika gurudumu kwa chini) na tairodi endi (ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu), na gari limeacha kugonga. Baada ya kilomita elfu mbili tatu unainama kupima upepo, unakuta ukingo wa ndani wa tairi la mbele umeshakuwa kipara na katikati kashata, yaani michoro ya tairi inayokanyaga barabara, bado nzima. Wazo la kwanza ni kulikimbiza gari kwenye mashine ya alaimenti. Ngoja kidogo. Mashine inapima pembe za magurudumu gari likiwa limesimama. Haioni bushi (bomba lenye raba linaloshika amu) inayojongea ukikanyaga breki, wala boljointi (kiungo cha tufe kati ya amu na gurudumu) inayocheza gari likipita kwenye mashimo. Ukipiga alaimenti juu ya kitu kilicholegea, karatasi itasoma vizuri na tairi litaendelea kuliwa.

Kwa hiyo anza na tairi lenyewe, rudi kwenye kazi uliyoifanya, tafuta kinachocheza, na pembe ziwe za mwisho. Usilegeze nati hata moja kabla hujamaliza kuangalia, kwa sababu ukishalegeza, ushahidi umeondoka.

Tairi linasema nini

Pima upepo tairi likiwa la baridi, yaani gari limesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi. Linganisha na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha mafuta. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi, kwani hiyo ni kikomo cha juu cha tairi, si kipimo cha gari lako. Upepo mdogo hula mabega yote mawili, upepo mwingi hula katikati. Kama hicho ndicho unachokiona, miguu ya mbele haina kesi hapa.

Sasa chukua geji ya kina cha kashata. Kata stelingi hadi mwisho upande mmoja ili uone ukingo wa ndani, maana ndio unaojificha na ndio unaoliwa mara nyingi zaidi. Pima mfereji wa nje, wa katikati na wa ndani, kisha zungusha tairi robo na upime tena, hadi upate sehemu 4. Jumla ni namba 12 kwa kila tairi. Ziandike pamoja na kilomita za siku hiyo. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi, na vile vitufe vilivyo ndani ya mifereji vinaonyesha milimita 1.6, kiwango ambacho tairi limeisha. Nyuzi au waya zikionekana ukingoni, acha uchunguzi, badilisha tairi kwanza. Hilo linaweza kupasuka wakati wowote.

Hizo namba 12 zinakupa mgawanyo wa kwanza. Zikitofautiana kutoka ukingo hadi ukingo lakini zikafanana ukizunguka tairi, tatizo ni la pembe. Zikitofautiana ukizunguka, hapa milimita 5, pale 3.5, kisha 5 tena, tairi linarukaruka au kuna kitu kinacheza: shokapu imechoka, balansi mbovu, beringi ya habu (chuma ambacho gurudumu hufungwa) au boljointi imelegea. Bapa moja tu kubwa mahali pamoja ni breki iliyokamata tairi likaburuzika, na pembe hazihusiki.

Kisha papasa kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya kashata ukikatisha upana wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Tairi linaloburuzwa kiubavu hunolewa kama msumeno: kila mstari wa kashata unakuwa wa mviringo upande mmoja na mkali upande wa pili. Mkono ukikwaruzwa unapotoka ndani kwenda nje, magurudumu yanaangalia ndani kupita kiasi, yaani mbele yamekaribiana kuliko nyuma. Ukikwaruzwa unapotoka nje kwenda ndani, yanaangalia nje. Hiyo ndiyo pembe ya tou, na kwa kazi za nyumbani ndiyo inayokula matairi kuliko nyingine zote. Inapoangalia ndani hula kingo za nje, inapoangalia nje hula kingo za ndani.

Kama ukingo mmoja umeliwa lakini mkono unapita laini pande zote mbili, bila makali, geukia kemba, ambayo ni kulala kwa gurudumu. Juu ikilala ndani hula ukingo wa ndani, ikilala nje hula wa nje. Ila kemba peke yake ni mlaji wa polepole. Magari mengi hutembea na kemba ya digrii 1 au zaidi kidogo kuelekea ndani na matairi yakadumu. Ukikuta ukingo wa ndani umeisha ndani ya kilomita 2000, kemba inaweza kuwa imechangia, lakini tou ina mkono wake hapo.

Jambo moja linapunguza sana watuhumiwa. Tou ya mbele hugawana. Hata kama uliharibu tairodi ya kulia tu, stelingi hujitafutia mahali pa kukaa na kila gurudumu hubeba nusu ya kosa. Ndiyo maana tou mbaya hula matairi yote mawili ya mbele kwa kukaribiana, na stelingi hukaa upande unapoendesha njia iliyonyooka. Tairi moja tu likiliwa na la pili likiwa zima, tafuta kwanza kemba ya upande huo, chuma kilichopinda, au kitu kinachocheza upande huo.

Kumbuka pia kwamba tairi hubeba madhambi ya zamani. Kama lilianza kuliwa kabla hujafungua chochote, muundo huo hautafutika kwa sababu umefunga vifaa vipya. Kama huna vipimo vya kabla, njia ya haki ni kuandika vya leo na kuvilinganisha baada ya kilomita 1000.

Ulifungua nini?

Tairodi. Njia ya kuhesabu mizunguko ya nyuzi wakati wa kutoa endi ya zamani, ili mpya uifunge kwa hesabu ileile, inakufikisha karibu tu. Endi mpya ya kampuni nyingine inaweza kuwa ndefu au fupi kwa milimita moja au mbili kutoka kwenye kitovu cha tufe lake hadi mwanzo wa nyuzi. Na milimita moja hapa ni kitu kikubwa. Chukua tairodi yenye nyuzi za hatua ya milimita 1.5, ambayo ni ya kawaida, na mkono wa stelingi wenye urefu wa milimita 130 kwenye nako, yaani chuma kinachobeba habu na kugeuka pamoja na gurudumu. Mzunguko mmoja mzima unageuza gurudumu kwa digrii 0.66. Kwenye tairi lenye kipenyo cha milimita 630, hiyo ni tofauti ya milimita 7 kati ya mbele na nyuma, wakati magari mengi madogo hutaka tou yote iwe sifuri au milimita mbili tatu tu. Ukigawa kosa hilo kwa magurudumu mawili, kila moja linakwenda kombo kwa digrii 0.33, na kwa kila kilomita moja tairi linalazimishwa kwenda kiubavu karibu mita 6. Sehemu ya mburuzo huo humezwa na kunyumbuka kwa raba, na inayobaki inasaga kashata. Mzunguko mmoja tu wa nyuzi.

Kuna kosa jingine la tairodi endi ambalo halionekani kwenye kipimo: ile pini yenye umbo la kukonda haikuingia vizuri kwenye tundu lake. Nako ikiwa na uchafu, kutu, au alama za nyundo ndani ya tundu, pini inakaa juu juu, nati inabana, na baada ya siku chache pini inajongea. Tundu na pini vinatakiwa viwe safi na vikavu, bila grisi. Kwa nati yenye vitundu vya kotapini (pini inayozuia nati isilegee), kama tundu halijalingana baada ya kufikia torki (nguvu ya kukazia), endelea kukaza hadi linalofuata. Kamwe usirudishe nyuma ili kotapini iingie.

Shokapu kwenye mfumo wa MacPherson, ambao shokapu yenyewe ndiyo inayoshika nako kwa juu. Hapa ndipo kemba inapoharibika bila mtu kujua. Shokapu inashikwa na nako kwa bolti mbili, na matundu yana nafasi kidogo. Tuseme bolti zimeachana milimita 60 na kila moja inaweza kujongea nusu milimita. Ya juu ikiegemea ndani na ya chini ikiegemea nje, kemba imebadilika karibu digrii 1. Ukikaza upande wa kulia gurudumu likiwa linaning'inia kwa uzito wake, na wa kushoto ukiwa umelisukuma kwa goti, umeunda magari mawili tofauti. Kwenye baadhi ya magari bolti moja ni ya kurekebishia kemba, ina shingo isiyo katikati au washa yenye alama. Kama uliitoa bila kuchora mstari wa mahali ilipokuwa, hesabu kwamba kemba imeshahama. Na kemba ikihama, tou nayo huhama, kwa sababu tairodi inashika nako mahali ambapo husogea gurudumu linapolala. Kwa hiyo hata aliyefungua shokapu bila kugusa tairodi anatakiwa kupima tou.

Springi iangaliwe mwisho wake: ncha ya koili inatakiwa ikae kwenye ngazi ya kikalio, isipite na isibaki nyuma. Ikikaa vibaya, upande huo husimama juu, au springi hujisogeza ghafla na kutoa mlio unapokata kona. Pima kutoka kitovu cha habu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Tofauti inayozidi milimita 10 kwenye sakafu tambarare inahitaji maelezo. Springi fupi za kushusha gari zinabadilisha kemba na tou kwa pamoja, na hilo si kosa la ufundi ila ni lazima lipimwe. Maunti za juu, vishikio vinavyofunga shokapu kwenye bodi, pia: baadhi zina upande wa kulia na wa kushoto, au mshale unaotakiwa kuelekea mbele au nje. Zikibadilishana, kemba na kasta (kulala kwa mhimili wa stelingi mbele au nyuma) zinahama.

Bushi za amu ya chini. Hapa kuna kosa la kawaida sana. Bushi nyingi zina raba iliyogandishwa kwenye bomba la ndani na la nje. Haizungukii bolti, inajipinda. Ukikaza bolti yake gari likiwa juu ya stendi na gurudumu linaning'inia, umeigandisha ikiwa katika mkao huo. Ukilishusha gari, raba inajipinda hadi karibu na mwisho wake na inakaa hivyo muda wote. Itachanika mapema, na kabla ya kuchanika itazuia gari lisitulie kwenye kimo chake. Dawa ni kulegeza bolti hizo, kuweka uzito wa gari chini, kutikisa gari juu na chini mara kadhaa, kisha kukaza kwa torki ya kitabu. Huwezi kuifikia bolti gari likiwa chini? Inua amu kwa jeki hadi umbali kati ya habu na fenda ulingane na ule uliopima gari likiwa limesimama, kisha kaza, ukiwa na stendi imara chini ya bodi.

Amu yenyewe ikaguliwe. Kuna amu ambazo boljointi yake imefungwa kwa bolti kwenye matundu marefu. Ikiwekwa ndani upande mmoja na nje upande wa pili, kemba zinatofautiana. Na amu za bei rahisi huwa na bushi laini kuliko za asili. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, ukikanyaga mafuta, magurudumu yanavutwa kuangalia ndani. La kusukumwa na ya nyuma, ya mbele yanasukumwa kuangalia nje. Bushi ngumu inazuia hilo, laini inaliruhusu. Hapo ndipo mtu anaposhangaa kwamba karatasi ya alaimenti iko sawa na tairi linaliwa: pembe iliyopimwa gari likiwa limesimama si pembe inayotembea barabarani.

Ulishusha sabufremu, ile fremu ndogo inayobeba amu na raki ya stelingi (chuma chenye meno kinachosukuma tairodi)? Ikirudi imesogea upande kwa milimita chache, kemba ya upande mmoja inaongezeka na ya upande wa pili inapungua kwa kiasi kilekile. Ukiona namba za namna hiyo usiguse bolti za shokapu. Sabufremu nyingi zina matundu ya kuongozea. Ingiza fimbo ya chuma inayoenea kwenye matundu hayo, sawazisha, kisha kaza.

Stabilaiza linki, ambayo watu hupenda kuibadilisha kila wanaposikia kelele, haili tairi. Iache.

Tafuta kinachocheza

Weka kabari magurudumu ya nyuma, inua mbele, weka stendi. Usijiegemeze kwa jeki peke yake. Mahali pa kuinulia panabadilisha unachokiona. Kwenye MacPherson inua kwa bodi ili gurudumu lining'inie. Kwenye mfumo wa amu mbili ambapo springi imekalia amu ya chini, weka jeki chini ya amu hiyo karibu na gurudumu, la sivyo springi inaibana boljointi na mchezo hauonekani.

Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta kwa kupokezana. Ukisikia mchezo, mwambie msaidizi akanyage breki, kisha ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya habu, kwa sababu pedi zimefunga diski na nako vikawa kitu kimoja. Ukibaki, ni boljointi au bushi. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue taratibu huku mtu mwingine akiweka kidole kwenye maungio ya boljointi. Kidole huhisi mchezo mdogo kabla ya jicho kuuona.

Shika tairi kushoto na kulia. Mchezo hapa ni wa tairodi endi, tairodi ya ndani, au raki yenyewe. Tairodi ya ndani imefichwa na raba ya raki. Ibonyeze raba kwa vidole hadi ushike kiungo, kisha mwenzako atikise gurudumu.

Jaribio linalofichua zaidi hufanyika gari likiwa chini. Washa injini, msaidizi akate stelingi kushoto na kulia kidogo kwa haraka, wewe uangalie kila kiungo kwa tochi. Bushi ya nyuma ya amu ikijongea huku na huku kabla gurudumu halijageuka, umempata. Angalia pia bolti za raki yenyewe. Raki nzima ikisogea kwenye bodi, hakuna tou itakayokaa.

Kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linavyoruka si kipimo cha kutegemea kwa shokapu. Bora utafute mafuta yaliyovuja kwenye fimbo, na mabonde kwenye tairi. Mwisho inua tena gurudumu, lizungushe huku ncha ya bisibisi ikiwa imeegemezwa karibu na ukingo wa rimu. Rimu ikiyumba zaidi ya milimita 1, ivue ufute kutu na uchafu kwenye uso wa habu kabla ya kulaumu rimu.

Kupima tou bila mashine

Ukishahakikisha hakuna kinachocheza, tou unaweza kuipima kwa futi ya kuvuta, chaki na msumari, kwa usahihi wa milimita 1 ukiwa na subira. Unahitaji sakafu tambarare, upepo sawa na stelingi iliyonyooka.

1. Inua tairi moja, lipake chaki katikati ya kashata, lizungushe huku ncha ya msumari ulioegemezwa kwenye kipande cha mbao ikichora mstari mwembamba kulizunguka lote. Fanya na la pili.
2. Shusha gari. Tikisa mbele juu na chini mara tatu nne, kisha lisukume nyuma mita 3 na kulirudisha mbele. Malizia kila mara kwa kwenda mbele. Gari lililoshushwa tu kutoka kwenye jeki magurudumu yake huwa hayajatulia mahali pake, na ukipima hapo hapo utapata uongo.
3. Nyuma ya matairi ya mbele, weka alama ndogo juu ya mistari kwa kimo cha kitovu cha habu na upime kutoka mstari hadi mstari.
4. Sukuma gari mbele nusu mzunguko, kama mita 1 kwa tairi la milimita 630, hadi alama hizo zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile. Pima tena.

Kipimo cha nyuma ukitoa cha mbele ndiyo tou. Ikiwa chanya, yanaangalia ndani. Ikiwa hasi, yanaangalia nje. Kutumia alama zilezile mbele na nyuma kunafuta kosa la rimu au tairi linaloyumba, ndiyo maana usipime mbele na nyuma gari likiwa limesimama mahali pamoja. Kama injini au bampa inazuia futi, shuka chini kidogo, ila pande zote mbili ziwe kwa kimo kimoja, na ujue namba itakuwa ndogo kuliko halisi.

Njia hiyo haikuambii kama magurudumu ya nyuma nayo yamenyooka. Kwa hilo tumia kamba mbili zilizokazwa kando ya gari kwa kimo cha habu, kutoka stendi ya mbele hadi ya nyuma, zikiwa sambamba. Umbali kati ya kamba mbili upimwe mbele ya gari na nyuma ya gari, ulingane. Usizisawazishe kwa kuangalia magurudumu, kwa sababu upana wa mbele na wa nyuma wa magari mengi haufanani. Sawazisha kwa vitovu vya habu, kulia na kushoto kwa kila ekseli. Kisha pima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila rimu. Kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 400 ukingo kwa ukingo, tofauti ya milimita 1 ni digrii 0.14.

Kemba kwa timazi

Ning'iniza uzi wenye uzito nje ya uso wa rimu ili upite katikati, kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa juu na hadi ukingo wa chini wa rimu. Kwenye rimu hiyo ya milimita 400, tofauti ya milimita 7 ni digrii 1. Ukingo wa juu ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu limelala ndani.

Sakafu yenye mwinamo itakudanganya. Weka alama mahali matairi yalipokanyaga, pima kulia na kushoto, kisha geuza gari lielekee lilikotoka, likanyage alama zilezile, upime upya. Wastani wa vipimo viwili vya kila gurudumu ndio kemba yake.

Kinachokusumbua zaidi hapa ni tofauti ya kulia na kushoto. Ikizidi nusu digrii, gari litaelekea kuvuta upande ambao kemba iko juu, yaani upande ambao juu ya gurudumu imelala nje zaidi. Kabla ya kulaumu kemba kwa gari kuvuta, badilishana matairi ya mbele kulia na kushoto, kama si ya mwelekeo mmoja. Uvutaji ukigeuka upande, kosa ni la tairi.

Kurekebisha

Kemba kwanza, tou baadaye, na nyuma kabla ya mbele kama nyuma kunarekebishika. Kwa bolti za shokapu: inua, vua gurudumu, legeza nati zote mbili kiasi tu cha nako kujongea, isukume upande unaotaka, kaza pande zote mbili kwa mkao uleule. Zile nati za kujibana zenyewe na bolti zinazovutika hutumika mara moja. Kitabu kikisema zibadilishwe, zibadilishe.

Kwa tou, legeza lokinati (nati inayofunga tairodi isizunguke) ya kila tairodi, pulizia mafuta ya kulainisha, na ulegeze kikamatio cha raba ya raki ili raba isijikunje tairodi inapozunguka. Raba iliyojikunja hupasuka, maji yakaingia, na tairodi ya ndani ikafa. Ni upande gani wa kuzungusha? Raki ikiwa nyuma ya ekseli, kurefusha tairodi hufanya magurudumu yaangalie ndani. Ikiwa mbele ya ekseli, kurefusha hufanya yaangalie nje. Zungusha kulia na kushoto kwa kiasi sawa, robo mzunguko kila upande kwa hatua, ili stelingi isihame. Stelingi ikiwa imekaa upande, fupisha moja na kurefusha nyingine kwa kiasi kilekile; tou yote haitabadilika, ila stelingi itanyooka. Usivue usukani na kuurudisha kwenye meno mengine ili kuficha hilo, maana raki haitakuwa katikati tena.

Kila baada ya kurekebisha, sukuma gari nyuma na mbele kabla ya kupima. Kama nafasi haitoshi, weka chini ya kila tairi la mbele karatasi mbili za nailoni nzito zenye grisi katikati, tairi liteleze na kutulia lenyewe.

Kusoma karatasi ya alaimenti

Ukienda kwenye mashine, na baada ya kazi kubwa nenda, omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Ya kabla ndiyo yenye habari, kwa sababu inaonyesha ulichoacha wewe. Tafuta mstari wa mwinamo wa mhimili wa stelingi, yaani ule mstari unaopita maunti ya juu na boljointi ya chini. Jumlisha mwinamo huo na kemba kwa kila upande. Kemba zikitofautiana lakini jumla zikawa sawa, kila kitu kati ya maunti na boljointi ni kizima na kimehama kwa pamoja: sabufremu, amu, au maunti ya juu. Jumla zikitofautiana, kosa liko kati ya shokapu na nako, na mara nyingi ni zile bolti mbili zenye nafasi. Ukizipanga upya na jumla bado hazilingani, nako au shokapu imepinda, na hakuna kurekebisha kutakakoponya chuma kilichopinda.

Kasta haiondoi kashata kwa kiwango cha kuonekana, lakini ikitofautiana sana kulia na kushoto baada ya kubadilisha amu, angalia kama bushi ya nyuma imeingizwa kwa mkao sahihi au kama maunti zimebadilishana.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za magurudumu, na baada ya 500 angalia kwa macho lokinati za tairodi na kotapini. Fikisha 1000, rudi na geji, pima sehemu zilezile 12 na ulinganishe. Tairi lililokwisha kunolewa kama msumeno litaendelea kunguruma hata pembe zikiwa sawa kabisa. Lihamishie nyuma upande uleule na usipime kazi yako kwa sauti yake. Pima kwa tofauti ya kina: kingo mbili zikipungua kwa kiasi kimoja, funga daftari. Ukingo mmoja ukiendelea kupungua kwa kasi, rudi kwenye stelingi inayokatwa kushoto na kulia, ukiwa na tochi, na uitazame bushi ya nyuma ya amu kwa muda mrefu zaidi safari hii.